Pete Iliyotoka Kwenye Pampu

Dereva wa lori ndiye aliyeniletea habari. Nilikuwa Kibondo, pembeni ya soko, napakia magunia ya maharage, kazi niliyoishika kwa sababu niliikuta, si kwa sababu niliitafuta. Dereva akaegesha, akashuka, akanitazama kama mtu anayelinganisha sura.

"Wewe si mdogo wake yule mama anayeshona pale Kasulu? Mwenye pete isiyochubuka?"

"Ni dada yangu."

"Basi panda. Kidole kimemvimba, watu wanasema kinaoza."

"Kidole gani?"

"Cha pete, bwana mdogo! Ningefunga breki kwa ajili ya kidole cha mguu?"

Gunia lililokuwa begani mwangu nililiteremsha palepale, mwenye maharage akinitukania ukoo mzima, nikapanda juu ya mzigo.

Wazazi wetu walivuka kutoka Burundi wakiwa na dada mgongoni. Mimi nilizaliwa huku, na wote wawili wakafia huku nikiwa bado mdogo. Dada ndiye aliyenilea. Nilipoacha shule darasa la tano alinichapa, nilipotoroka alinitafuta, niliporudi alinipikia. Baadaye aliacha kunitafuta, akabaki na kupika tu. Nimelala Nyabibuye, nimelala Uvinza kwenye chumvi, nimelala juu ya magari nisiyojua yanakwenda wapi, lakini mtu akiniuliza kwetu ni wapi, nilichokuwa nikikiona kichwani ni cherehani yake kwenye baraza, na mguu wake ukikanyaga. Sasa juu ya lile lori nilikuwa naiona cherehani, ila mguu siuoni.

Pete yenyewe niliijua tangu siku iliyoingia nyumbani. Shemeji alikuwa mlinzi wa pampu ya maji kambini Nyarugusu, miaka ile Wakongo walipokuwa wakimiminika kuvuka ziwa na kuletwa huku juu. Pampu ikaanza kuvuja. Fundi wa shirika akaifungua, akatoa ndani yake pete mbili za kijivu, nzito, zenye uso unaong'aa kama kioo. Kazi yake ilikuwa kusuguana saa zote ili maji yasipenye kwenye shafti. Akaweka mpya, zile kuukuu akazitupa kwenye majani. Kuukuu zenyewe hazikuwa hata na mkwaruzo wa kuonekana. Shemeji akaziokota, akajaribu moja kwenye kidole chake, ikaingia. Ya pili, iliyokuwa ndogo zaidi, akamletea dada. Nayo ikaingia, kwa kubana kidogo.

Nilipokwenda kambini kumtembelea shemeji nilimkuta fundi yule, nikamuuliza ni chuma gani kile.

"Si chuma. Ni tungsteni, imechanganywa na kitu kingine ikachomwa. Umewahi kuona uzi ulio ndani ya globu? Huo nao ni tungsteni."

Sikulala na swali hilo bila kulifanyia kazi. Nilitafuta globu iliyoungua, nikaipasua, nikautoa ule uzi. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele, na nilipougusa ukakatika. Nilitembea miezi nikijiuliza kitu kimoja kinawezaje kuwa unywele kwenye globu na mwamba kwenye pampu. Niliowauliza walicheka, wengine waliniambia nioe.

Kwa dada pete ile ilikuwa jambo jingine. Yeye na shemeji walikuwa wamekaa miaka bila ndoa ya kanisani, kwa hiyo hawakuruhusiwa kukaribia meza ya Bwana. Pete za dukani Kigoma zilikuwa za watu wa ofisi. Za sokoni zilifuliwa kwa sarafu au koki za bomba, zikapakwa rangi ya fedha, na kanisani kwetu kulikuwa na utaratibu mmoja mbaya: kabla ya kubariki ndoa, mzee wa kanisa huchukua pete na kuzisugua kwenye ngazi ya saruji mbele ya watu wote. Weupe ukitoka na unjano ukaonekana, ndoa hubarikiwa, lakini bibi harusi huitwa mama koki hadi uzeeni. Nimemsikia mwanamke akiitwa hivyo akiwa na wajukuu.

Mzee alipoisugua ya dada, ngazi ndiyo iliyochubuka. Mstari ukabaki kwenye saruji, pete ikabaki kama ilivyo. Akasugua tena kwa nguvu zaidi. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mzee, taratibu, utatoboa kanisa!" Watu wakacheka, wakapiga vigelegele, na dada yangu, ambaye maisha yake yote alikuwa mtoto wa wakimbizi, akasimama pale shingo imenyooka kama mke wa mkuu wa wilaya. Tangu siku hiyo hakuivua. Alilima nayo, alifua nayo, alikanda ugali wa muhogo nayo. Wanawake bombani walimwomba waishike wapime uzito wake.

Nilimkuta amekaa kitandani, mkono ameuning'iniza kwa kanga shingoni. Chumba kilikuwa na harufu ambayo sikutaka kujua ni ya nini.

"Umekuja kunizika, musaza?" Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, kwa lugha ya mama: kaka wa dada.

"Nimekuja kukupeleka hospitali."

"Oya. Siendi. Wataivua."

Akafunua kanga. Kidole kilikuwa kimevimba pande zote mbili za pete hadi pete ikazama, ikaonekana ukingo wake tu, kama kamba iliyofungwa kwenye gunia lililojaa. Juu ya pete ngozi ilikuwa ya zambarau, kwenye ncha inaelekea weusi. Kijiti cha ungo kilimchoma chini ya pete wakati akipepeta, akakitoa kwa sindano, akadhani kimekwisha. Alijaribu sabuni. Alijaribu mafuta ya mawese. Jirani alimzungushia uzi ili kuisukuma pete, dada akazimia.

"Na shemeji anajua?"

Akageukia ukuta. Kisha akasema kwamba shemeji alikuwa hajaja nyumbani Jumapili kadhaa. Alikuwa akituma unga na salamu, mwenyewe haji. Mara ya mwisho alipokuja hakuwa na pete kidoleni, akasema ameiacha kambini ili isiibwe.

"Watu wanasema kuna Mkongomani," akasema. "Mume haji, pete yake haipo. Na mimi nitoke hospitali kidole kitupu? Mama mkwe atasema ndoa imekwisha, atakuja kuchukua mabati yake."

"Dada, kidole kinakufa."

"Ninakiona. Nina macho."

Sikubishana tena. Nilimweka kwenye baiskeli ya jirani, nikaisukuma hadi hospitali, yeye akilia kila tulipopita kwenye jiwe.

Daktari alikuwa mtu wa pwani, amehamishiwa huku, Kiswahili chake laini kama cha redioni na macho yake mekundu kwa uchovu. Aliutazama mkono, akaagiza sindano ya dawa, akaleta msumeno mdogo wa kukatia pete. Alisema amekwisha kukata nao pete nyingi, za wajawazito hasa, ni kazi ya kupumua mara mbili. Akaupitisha. Akaupitisha tena. Dada alikuwa ameng'ata kanga. Daktari akaugeuza msumeno kwenye mwanga na nikaona meno yake yameisha, umekuwa laini kama kisu cha kupakia siagi. Kwenye pete hapakuwa na alama.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Tungsteni. Ilitoka kwenye pampu."

"Nani humvisha mkewe pampu?" akasema, lakini bila kucheka.

Nikakimbia sokoni. Kulikuwa na mzee mfua pete ambaye niliwahi kumfanyia kazi ya kuvuta mivukuto msimu mmoja, kabla sijachoka na kwenda zangu. Alikuja na mfuko wake wote: tupa, patasi, msumeno wa chuma na bleidi mpya aliyoifungua kwenye karatasi mbele yetu. Alikata kwa utaratibu, mimi nikimwagia maji. Bleidi ililia, ikatoa harufu ya kuungua, ikaisha. Tupa iliteleza kama inapita juu ya chupa. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye mkono wa dada.

"Mzee," nikasema, "tuibane. Tuibane kwa plaizi kubwa, labda itakubali."

Akanipiga kofi mkononi, kofi hasa, kama zamani.

"Nilikufundisha nini? Pete ikiwa kidoleni haibanwi wala haigongwi. Inakatwa tu! Ukiibana inalala, inakuwa yai, inamega mfupa. Nilimwona mtu wa Heru kwa macho yangu, walimgongea pete ya sarafu, ikaingia kwenye nyama, tukamvua na kidole chake."

Alikuwa sahihi. Kila pete aliyowahi kuifua maishani mwake, ya shaba, ya sarafu, ya sufuria, ya fedha, ilikuwa inalala. Na mimi kila pete niliyomwona akiifua ilikuwa inalala. Nikaliacha wazo langu. Daktari naye akatikisa kichwa kuungana naye. Wote watatu tulikubaliana, na dada kati yetu alikuwa anapoteza kidole.

Asubuhi weusi ulikuwa umeshuka, na mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda kiganjani kuelekea kifundo cha mkono. Daktari akanivuta nje ya wodi.

"Jenereta tunaliwasha jioni kwa ajili ya upasuaji. Likiwashwa, nakata kidole. Nikisubiri hadi kesho nitakata mkono, na baada ya hapo sitaki kusema. Mleteni mume wake akubali."

"Mimi ni kaka yake, nakubali."

"Wewe nimekuuliza unakaa wapi ukanitajia wilaya tatu. Nataka mume."

Dada alisikia. Sikuweza kumtazama. Fundi cherehani anashikilia kitambaa kwa mkono wa kushoto, kidole cha pete kikielekeza pindo. Hilo nilijua kwa kumtazama tangu utotoni. Akasema tu, "Kamlete. Aje aone mwenyewe walichonifanya yeye na pete yake."

Yule dereva alikuwa anapeleka muhogo Nyarugusu. Njiani nilikuwa nikiomba kila kilima kiishe. Sikuwa mtu wa sala, lakini siku hiyo niliomba kwa lugha zote mbili, na barabara ilikuwa ileile, mashimo yaleyale, dereva akisimama kusalimia kila mtu anayemjua. Nilimwambia nitaruka nikimbie kwa miguu. Akasema, "Ruka. Tutakukuta mbele umekaa umechoka."

Pampu ilikuwa bondeni, nje kidogo ya kambi. Wanawake wa Kikongo walikuwa kwenye foleni na ndoo zao. Shemeji alikuwa ameketi kwenye kibanda cha mashine, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Aliponiona akasimama, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuuficha mkono wa kushoto mfukoni.

"Pete yako iko wapi?" nikauliza. Sikumsalimia.

Mwanamke mmoja aliyekuwa na ndoo kichwani akacheka. "Ata siye tuko namuuliza kila siku! Mulinzi wa pompe, iko naficha pete juu ya nini? Iko natafuta bibi ya pili?"

"Bibi ya pili atamupa nini? Mafuta ya mashine?" akajibu mwingine, na foleni nzima ikacheka.

Nikamwambia shemeji yote kwa mpigo mmoja: kidole, weusi, jenereta, jioni. Nikamuuliza amempa nani pete. Nilikuwa nimekunja ngumi. Uso wake uliporomoka. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kipande cha nailoni kilichofungwa fundo, akakifungua kwa meno.

Ndani kulikuwa na pete yake, vipande viwili.

"Spana iliteleza," akasema. "Nilipiga mkono kwenye bomba. Nikasikia tu mlio mdogo. Nilipotazama, nusu ilikuwa imeanguka chini." Alikuwa anaongea kwa kunong'ona ili wanawake wasisikie. "Ningemwambiaje? Kanisa zima liliona haichubuki. Mama yangu anasema pete ya ndoa ikipasuka, mmoja wenu anazikwa. Nilitafuta gundi. Nilimwomba yule fundi wa pampu aichomelee, akasema haichomeleki. Nikasema sitarudi mpaka nipate nyingine. Na sasa unaniambia anakufa. Umeona? Umeona?"

Nilitaka kumpiga, nikashindwa. Mtu mzima mwenye bunduki ya kulinda pampu alikuwa analia kwa kwikwi mbele ya foleni ya maji, na wanawake wale wakaacha kucheka. Mmoja akatua ndoo yake, akachukua funguo za kibanda mkononi mwa shemeji, akasema atamwita mlinzi mwenzake, aende.

Tulipokuwa tunarudi, tairi la lori likapasuka. Jua lilikuwa limekwisha kuvuka katikati ya anga na kuanza kuteremka. Dereva akatoa jeki na boksi la vifaa, akaanza kufungua nati moja moja. Shemeji alikaa chini kwenye vumbi, kichwa kati ya magoti. Mimi sina uwezo wa kukaa hivyo. Nilikuwa na vile vipande mkononi, nikavitazama kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya isipokuwa kupiga kelele.

Mahali palipovunjika hapakuwa laini. Palikuwa na chembechembe, rangi ya majivu, kama sahani ya udongo iliyovunjika. Nikakwaruza bodi ya lori kwa ncha yake, ikachimba chuma kama udongo mbichi. Dereva akanigombeza. Nikavipanga vipande vyote viwili chini: bado vilikuwa duara. Vilikuwa duara kamili! Pete ya sarafu iliyogongwa na bomba ingekuwa yai. Hii haikulala hata kidogo, ilikuwa imekaa kama ilivyo mpaka ikaachia yote kwa mara moja.

Kwenye boksi la dereva kulikuwa na plaizi ile ya kujifunga, yenye skrubu nyuma, unayokaza kidogo kidogo. Niliiomba.

"Hiyo si ya mchezo, bwana mdogo."

Nikaweka kipande kimoja kati ya meno yake, nikakaza skrubu, nikabana. Hakuna. Nikakaza robo, nikabana tena. Tik! Kikapasuka vipande vitatu, kimoja kikanipita shavuni. Mkono wangu haukusogea. Meno ya plaizi hayakuwa yamesogea kiasi cha unene wa kucha.

"Shemeji," nikasema. "Simama. Shemeji, simama, tukaze hizi nati!"

Tulifika hospitali jenereta likiwa bado kimya, mtu akilimiminia dizeli. Dereva alikataa kuniachia plaizi mpaka nilipomwambia anifuate nayo. Akanifuata, akilalamika kwamba muhogo wake wa mzigo wa pili unanyauka.

Dada alikuwa amelazwa upande wa dirisha. Hakunitazama mimi. Alitazama mkono wa kushoto wa mumewe.

"Umeivua," akasema.

Nikamwekea dada ile nusu iliyobaki kwenye shuka, pamoja na vipande vidogo. Nikaona mumewe anafumba macho kama anayesubiri kuchapwa. Dada akaiokota nusu ile kwa mkono mzima, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo uliovunjika.

"Kumbe inavunjika," akasema polepole. Kisha akainua sauti mpaka wodi nzima ikageuka. "Kumbe inavunjika! Umeweka hii mfukoni, mimi nimelala hapa wananiandalia kisu? Mana yanje, Mungu wangu! Ulikuwa unangoja nini, mwanamume wewe?"

Daktari alikuja kwa kelele zile, mzee mfua pete nyuma yake. Alikuwa amerudi na bleidi nyingine, maskini, hakukata tamaa. Nikawaeleza. Wote wawili wakakataa kwa pamoja. Daktari alisema kidole kile kikibanwa kitapasuka kama nyanya. Mzee alisema mambo ya mtu wa Heru. Jua lilikuwa limeshuka hadi ukutani.

Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama anayemuuguza mwanawe, na chini ya kitanda mkungu wa ndizi mbichi. Nikang'oa moja. Nikaivisha ile nusu pete mgongoni mwa ndizi, nikaibana kwa plaizi.

"We! Hiyo ndizi ni ya mgonjwa wangu!" mama akafoka.

"Nitakurudishia, mama."

"Ukiwa umeibana hivyo? Mgonjwa gani atakula?"

Nikakaza. Tik! Vipande vikaanguka sakafuni. Nikampa daktari ndizi. Akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaisugua kwa kidole. Ngozi ilikuwa na alama ndogo, haikupasuka. Akampa mzee. Mzee akaitazama muda mrefu kuliko daktari, na sijawahi kuona uso wenye huzuni namna ile juu ya ndizi.

"Haiinami," akasema mwishowe. "Hiyo si ya ukoo wetu."

"Ndizi haina mfupa," daktari akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Akamtazama dada. "Mama, kikisagika nitakikata."

"Si ungekikata hata hivyo?"

Daktari akamfunika dada macho kwa kitambaa ili vipande visimuingie.

Shemeji alitakiwa kubana, kwa kuwa ndiye mume, lakini mikono yake haikufaa. Akapewa kushika kifundo cha mkono. Nilitafuta ukingo wa pete katikati ya uvimbe, nikaufinya uvimbe pembeni kwa meno ya plaizi, na dada akapiga yowe ambalo nimelisikia mara nyingi tangu siku hiyo, nikiwa macho. Nikabana. Hakuna. Nikafungua, nikakaza skrubu robo, nikabana. Hakuna. Dada alikuwa anasema, "Kaza, kaza, kaza," bila kupumua katikati. Mara ya tatu nilihisi mimi ndiye nitavunjika kabla yake. Nilijua kama nimekosea, ni mimi ninayemsaga dada yangu mfupa, mimi niliyeacha kila kitu katikati, shule, kazi, watu. Nikakaza.

Mlio ulikuwa mkubwa kuliko wa barabarani. Kipande kiligonga beseni. Usaha na damu vikaruka hadi kwenye koti la daktari, naye akanisukuma pembeni kwa bega, akachomoa vipande vilivyobaki kwa koleo dogo, akaanza kuosha, akipiga kelele aletewe maji, maji mengi zaidi.

Palipokuwa na pete ngozi ilikuwa nyeupe kabisa, na mfereji uliozama kuzunguka kidole. Nilidhani rangi itarudi palepale. Haikurudi. Juu ya mfereji ule kidole kilibaki cheusi kama kilivyokuwa. Jenereta likawashwa, likanguruma, na daktari akasimama anakitazama kidole muda wote ambao nesi alikuwa anapanga vifaa. Mwishoni akasema virudishwe kabatini. Atangoja hadi asubuhi, siku moja tu, na akikosea makosa ni yake.

Dereva akaja kuchukua plaizi yake. Aliifuta kwa suruali, akasema mtu anayetaka kuiazima tena amtafute baada ya mwaka. Lakini aliacha muhogo mlangoni.

Asubuhi daktari alikuja na sindano. Akamwambia dada atazame dirishani na aseme akisikia kitu. Shemeji alikuwa amekaa sakafuni, hakuwa ameondoka pale. Daktari akachoma ncha. Dada akawa kimya. Nikasubiri aseme, hakusema. Daktari akashusha sindano kidogo, akachoma chini ya kucha. Kimya. Shemeji akaweka uso kwenye mapaja yake. Daktari akashusha tena hadi kwenye kiungo cha kwanza, akachoma, na dada akaruka kitandani, akamtukana daktari kwa Kiha kuanzia kwa bibi yake hadi kwa watoto ambao hajazaa.

"Anasema nini?" daktari akaniuliza.

"Anasema amesikia."

Akachoma mara nyingine mahali palepale ili awe na hakika, akatukanwa mara nyingine. Alikuwa anatabasamu, mtu yule mchovu, jasho linamtoka. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwonyesha dada kwa kalamu. Kuanzia hapa hadi kwenye ncha pamekufa, patakauka, ataondoa. Kuanzia hapa kurudi chini ni pazima.

Dada alikitazama kidole chake kwa muda. Akajaribu kukikunja. Kilisogea kidogo sana, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini. Akauweka mkono hewani kama anayeshikilia pindo la kitambaa, akapima, akapima tena kwa pembe nyingine.

"Kinafika," akasema.

Akamgeukia mumewe pale chini, akamwambia anyanyuke, aende akanywe uji, ana sura ya maiti.

Mimi nilikaa Kasulu hadi daktari alipoondoa ile ncha, na baada ya hapo nikakaa tena, jambo ambalo halikuwa kawaida yangu. Nilikuwa namshikia kitambaa upande wa kushoto mpaka kidonda kilipofunga. Nilishika vibaya. Alinigombeza kutwa nzima.